Baba anataka muhuri wa uhandisi, mimi nimenasa kwenye hesabu za maji ya Likoni

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni binti wa miaka 18, mkaazi wa Likoni. Nilifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka jana na alhamdulillahi matokeo yamekuja vizuri: A ya hisabati, A ya fizikia, na kwa jumla nimepata A-. Nyumbani tulisherehekea siku mbili. Ya tatu vita vikaanza.

Baba ni dereva wa kreni bandarini. Maisha yake yote ameamrishwa na mainjinia, wengine wadogo kwake kwa umri, na sasa anataka injinia atoke nyumbani kwake. Kwake ni uhandisi wa umeme, miaka mitano, kisha nipate muhuri wa injinia aliyesajiliwa. "Muhuri!" husema, huku akigonga meza kama anao mkononi. Mama yeye hajali kozi, mradi iwe Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor, nivuke asubuhi na jioni niwe nyumbani. Mwalimu wangu wa fizikia anasema sayansi ya kompyuta, ndiko kwenye kazi.

Halafu kuna binamu yangu aliye Ujerumani. Yeye ameniletea jina ambalo hapa sijamsikia mtu akilitaja: sayansi na uhandisi wa ukokotoaji. Anasema ni shahada ya kutumia kompyuta kukokotoa mambo ya sayansi na uhandisi, na kwamba Ujerumani masomo ni bure.

Mwalimu, jina hilo lisingenishughulisha kama si jambo moja. Tangu mtihani uishe namsaidia shangazi kuuza viazi karai karibu na kivuko. Unakaa pale kutwa, huna la kutazama ila feri na maji. Maji yakikupwa sana, mteremko wa kushukia feri huwa mkali na malori marefu husubirishwa. Madereva wakisubiri ndipo sisi tunauza. Kwa hiyo nikaanza kuandika kwenye daftari la mauzo saa ambayo maji yamekupwa kabisa, nijue kesho viazi vikaangwe saa ngapi.

Nikaona kila siku maji yanachelewa karibu dakika 50. Nikachora wimbi moja la kosaini, nikaliwekea saa 12 na nusu kutoka kupwa hadi kupwa, nikaanza kutabiri. Siku tatu za kwanza shangazi alidhani nimekuwa mganga. Baada ya wiki mbili nilikuwa nimekosea kwa zaidi ya saa mbili, na viazi vikapoa. Tena kuna jambo la pili: wimbi langu lina urefu uleule kila siku, lakini maji ya kweli siku nyingine hukupwa hadi mawe yakaonekana na siku nyingine hayajishughulishi.

Sijawahi kukosea kitu kikanipendeza namna hii. Usiku nalala nikiwaza.

Naomba uniambie: hii shahada ni kitu cha kweli au ni jina tu? Nikiisoma nitakuwa injinia, au baba atakuwa amekosa muhuri wake? Na kazi zake ziko wapi katika Kenya hii? Fomu ya KUCCPS, ya kuomba nafasi chuoni, inaningoja na kila mtu nyumbani ana kalamu yake.

Ni mimi,
Muuza viazi wa kivukoni

*

Marahaba, mwanangu, na hongera. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na penseli, maana sikuweza kuliacha hilo kosa la saa mbili lipite hivi hivi. Wazee wako watanisamehe, nitaanza na maji kabla ya fomu.

Wimbi kubwa linaloletwa na mwezi hurudi kila baada ya saa 12 na dakika 25. Wewe uliliwekea saa 12 na nusu. Umezidisha dakika 5, kitu ambacho mtu yeyote angekizungusha bila kufikiri. Lakini katika wiki mbili maji hukupwa mara 27. Zidisha 5 kwa 27: dakika 135, yaani saa mbili na robo. Hukukosea kuzidisha wala kujumlisha. Uliweka kosa dogo mlangoni, na kila marudio yakaliongezea jingine la ukubwa uleule. Wenye kazi hii hulala na kuamka na balaa hilo, na wewe umelikuta kwenye daftari la mauzo ya viazi.

La pili, la urefu. Mwezi hauvuti peke yake, jua nalo lina wimbi lake, dogo zaidi, linalorudi kila saa 12 kamili. Chora mawimbi mawili, moja la saa 12 na dakika 25, jingine la saa 12, uyajumlishe. Utaona yanaanza pamoja, yanaachana, yanapingana, na baada ya siku 14 na robo tatu hivi yanakutana tena. Yakikutana ndiyo bamvua, maji hujaa na kukupwa sana; yakipingana ndiyo maji mafu, hayajishughulishi. Wavuvi wa Mtongwe wanalijua hili kwa kuhesabu mwezi, hawakungoja kosaini. Wewe umefika mlango uleule kwa njia nyingine.

Mwaka 1872 William Thomson, yule ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alisanifu mashine ya magurudumu na kapi. Kila gurudumu lilibeba wimbi lake: hili la mwezi, hili la jua, hili la mwezi unaposogea karibu na dunia. Uzi mmoja ulipita kwenye kapi zote na mwisho wake ukashika kalamu. Ukizungusha mpini, kalamu inachora kupwa na kujaa kwa bandari moja, siku baada ya siku, mwaka mzima. Hapakuwa na umeme ndani yake, lakini kazi ilikuwa ukokotoaji mtupu: chukua kitu cha dunia, kiandike kwa hisabati, iachie mashine marudio, kisha rudi ufukweni uone kama umesema kweli.

Kwa hiyo ndiyo, ni kitu cha kweli. Na hapo ndipo inapoachana na sayansi ya kompyuta, ingawa watu huzichanganya. Sayansi ya kompyuta huishughulikia kompyuta yenyewe: programu zinavyojengwa, data inavyohifadhiwa, mtandao unavyolindwa. Ukokotoaji macho yake yako nje ya kompyuta, kwenye maji, joto, upepo, chuma kinachopinda, damu inayopita kwenye mshipa. Kompyuta hapo ni jembe. Utasoma kalkulasi hadi uichoke, aljebra ya matriki, takwimu, fizikia, milinganyo inayoeleza kitu kinavyobadilika, na mbinu za kukadiria jibu la mlinganyo ambao kalamu haiwezi kuutatua. Mwishoni utafundishwa kuigawa hesabu moja kwa prosesa maelfu bila zenyewe kukanyagana.

Sasa nikujaribu, maana kupenda maji hakutoshi. Usiku mmoja chukua kikombe cha kahawa chungu. Tuseme ina nyuzi 90, na chumba, kwa kuwa ni Mombasa, nyuzi 30. Tuseme pia kila dakika kahawa hupoteza asilimia 5 ya tofauti iliyopo baina yake na chumba. Dakika ya kwanza tofauti ni 60, kwa hiyo inapoteza nyuzi 3, inabaki 87. Ya pili tofauti ni 57, inapoteza 2.85. Endelea hivyo hadi dakika ya 10: utapata karibu nyuzi 65.9. Jibu la kalkulasi, ukilitafuta kwa kalamu, ni 66.4. Umekaribia.

Sasa kuwa mvivu. Badala ya hatua 10 za dakika moja moja, ruka dakika 10 kwa mkupuo: asilimia 5 ya 60, mara 10, umepoteza 30, kahawa ina nyuzi 60. Uongo unaanza kuingia. Kuwa mvivu zaidi, ruka dakika 50 kwa mara moja. Utapoteza nyuzi 150, na kahawa yako itakuwa nyuzi 60 chini ya sifuri. Barafu, Likoni, kwenye kikombe cha kahawa! Kompyuta haitacheka wala kukuonya. Itakuandikia jibu hilo na desimali sita nyuma yake.

Kama umesoma aya hizo mbili ukatamani kujua ni wapi hasa jibu linapoharibika, hatua ya dakika ngapi, na kwa nini, basi hii ni kazi yako. Kama ulizirukia upate kusoma habari za ajira, sayansi ya kompyuta ina nafasi nzuri na ni kazi ya heshima, nenda huko bila kujuta.

Babako naye asipuuzwe, maana muhuri anaougongea meza una maana kubwa kuliko anavyoweza kuieleza. Tarehe 23 Agosti 1991 huko Norwei, kwenye maji ya Gandsfjorden karibu na Stavanger, kitako cha zege cha jukwaa la mafuta na gesi liitwalo Sleipner A kilikuwa kikijaribiwa kwa kuzamishwa polepole. Ukuta mmoja ukapasuka, maji yakaingia, na jengo zima likaenda chini. Hakufa mtu, lakini hasara ilikadiriwa kuwa dola milioni 700 hivi. Uchunguzi ulipofanywa, programu ya kompyuta haikukutwa na hatia. Waliokokotoa walikuwa wameligawa zege katika vipande vikubwa mno, vilivyokaa vibaya pale kuta zinapokutana, na nguvu ya kukata ukuta ikakadiriwa pungufu kwa asilimia 47. Vyuma vikawekwa kwa kufuata kadirio hilo.

Ni kahawa yako ile ile, mwanangu, ila imemwagwa kwa tani za zege. Mtu aliyewahi kusimama mbele ya zege likipasuka angetazama namba zile akasema hapana, hapa pana kasoro. Anayejua programu peke yake hana cha kumshtua. Ndiyo maana sitaki uingie kwenye ukokotoaji ukiwa hujui kitu kingine chochote.

Hapo naufikia uamuzi, na nitausema wazi ili mwenye kukasirika akasirike mapema.

Shahada ya kwanza yenye jina hilo ipo, lakini si nyingi. Chuo cha ETH mjini Zürich, Uswisi, kinayo, na masomo ya shahada ya kwanza pale hufundishwa zaidi kwa Kijerumani. Chuo Kikuu cha Texas pale Austin kina shahada ya uhandisi wa ukokotoaji. Sehemu kubwa ya kozi hizi, hata hivyo, iko ngazi ya uzamili, na nadhani ndipo panapoifaa: mtu aje akiwa ameshika kitu mkononi, kisha aongezewe ukokotoaji. Kuhusu "bure" ya binamu yako, msalimie, ila mweleze kuwa Ujerumani hudai mwanafunzi wa kigeni aonyeshe euro 11,904 za kujikimu kwa mwaka kabla ya viza, na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Munich, chenye uzamili wa ukokotoaji kwa Kiingereza, tangu 2024 kinawatoza ada wanafunzi wapya kutoka nje ya Umoja wa Ulaya. Misaada ya masomo ipo, lakini hiyo huombwa ukiwa na shahada nzuri mkononi.

Hapa kwetu muhuri ni suala la sheria. Ni Sheria ya Wahandisi ya 2011, na anayesajili ni Bodi ya Wahandisi ya Kenya. Shahada yako lazima iwe imetambuliwa na Bodi. Ukimaliza unasajiliwa kama mhandisi mhitimu, unafanya kazi chini ya wakubwa kwa miaka isiyopungua mitatu, ndipo uombe usajili kamili. Ukisoma sayansi ya kompyuta, au hisabati na sayansi ya kompyuta kama ile shahada ya Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta pale Juja, utakuwa mkokotoaji mzuri sana, lakini muhuri huo hutaupata. Kwa hiyo babako kwenye hili ana haki.

Alipokosea ni kwenye umeme. Si kwamba umeme ni mbaya. Ni kwamba mambo yanayokunyima usingizi, maji yanayokwenda na kurudi, joto linalotoka kwenye kikombe, zege linalobeba mzigo, yanafundishwa kwa kina kwenye uhandisi wa mitambo na uhandisi wa ujenzi. Jaza mojawapo ya hizo liwe chaguo la kwanza. Mimi ningeanza na mitambo, kwa sababu mtiririko wa maji na mwendo wa joto vyote viwili vimo humo, lakini ujenzi nao una mito na bandari na sitagombana nawe. Tudor wana uhandisi wa mitambo, umeme na ujenzi, kwa hiyo hata mama amepata lake. Kabla ya kubonyeza chochote kwenye fomu, ipekue orodha ya Bodi ya kozi zilizotambuliwa, na utafute jina la kozi yenyewe. Usitosheke na jina la chuo, kwani chuo kimoja kinaweza kuwa na kozi iliyomo na nyingine isiyomo.

Nasema hivi nikiwa na kidonda. Niliwahi kumfundisha kijana, kichwa chake hakikuwa mchezo, akachagua shahada kwa utamu wa jina. Jina lilikuwa na "teknolojia" na "sayansi" na neno jingine la tatu nimelisahau. Chuo sikitaji. Miaka miwili akafundishwa kutengeneza majedwali na kuandika barua kwenye kompyuta. Alipokuja kuniona alikuwa ameshakula ada ya shamba la nyanyake. Kwa hiyo wewe ukiona kozi yoyote yenye jina zuri, uliza silabasi. Kama hamna kalkulasi na milinganyo ya mabadiliko hadi mwaka wa pili, na hamna programu mnazoandika wenyewe, funga ukurasa.

Upande wa ukokotoaji wenyewe utaujenga pembeni kuanzia leo. Python, lugha ya kuandikia programu, ni ya bure, na laptopu iliyotumika inatosha kabisa kwa kahawa na kwa maji ya Likoni. Ukishakuwa mwaka wa tatu, uingie kwenye OpenFOAM, programu ya bure ya kukokotoa mtiririko wa maji na hewa. Mradi wako wa mwisho wa shahada uwe wa ukokotoaji, hata kama wenzako wote wanachomelea vyuma.

Kuhusu kazi, siwezi kukudanganya kwamba utafungua gazeti ukute tangazo lenye jina hili. Kazi ipo ndani ya majina mengine. Pale Mkomani kuna makao makuu ya taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI. Mikondo ya bahari haichunguzwi bila hesabu hizi. Kilifi, watafiti wa maradhi wa KEMRI na Wellcome hukokotoa jinsi maradhi yanavyosambaa. Olkaria, kunakozalishwa umeme wa mvuke, mvuke huo uko chini kabisa ya ardhi ambako hakuna wa kuuona kwa macho, kwa hiyo hifadhi yake huigwa kwenye kompyuta ijulikane kisima kinachofuata kichimbwe wapi. Watabiri wa hali ya hewa mkate wao wa kila siku ni huu. Nafasi si nyingi, na mara nyingi huenda kwa mwenye uzamili. Ila injinia wa mitambo mwenye usajili hakosi pa kusimama wakati anasubiri, na hilo ndilo ningemwambia babako kwanza.

Naye usimwendee kwa maneno, mwendee na daftari. Baba ameinua makontena maisha yake yote, na aliye juu ya kreni anajua kuliko profesa yeyote kwamba mzigo ukianza kuyumba huyumba kwa mahadhi yake. Muulize kamba ndefu na kamba fupi, ipi inayumba polepole. Atakujibu kabla hujamaliza swali. Kisha mwonyeshe kuwa na jibu lake linaandikika kwa wimbi lile lile ulilochora kwa ajili ya maji, na kwamba uhandisi wa mitambo ndio mahali pa kulisomea, muhuri ukiwa palepale.

Mama naye, ukija kwenda Munich baada ya miaka mitano, mwambie tu kwamba bado uko TUM. Vyuo vyote viwili vinafupishwa hivyohivyo.

Kwa sasa rudi kwenye daftari. Rekebisha saa 12 na nusu iwe saa 12 na dakika 25, ongeza wimbi la jua kwa saa 12, lifanye urefu wake chini kidogo ya nusu ya lile la mwezi, ulianzishe siku ya bamvua, kisha ujaribu mwezi mzima. Bado utakosea kidogo, kwa sababu yako mawimbi mengine madogo ambayo hujayapa majina. Niandikie umekosea kwa dakika ngapi.

Nitavuka kuja Likoni Jumamosi ya tatu ya mwezi ujao. Mwambie shangazi aniwekee viazi vya shilingi hamsini na ukwaju mwingi, na wewe unitumie saa ambayo maji yatakuwa yamekupwa, nije nipate vya moto.